Kuelea Ndani ya Mnara

Baada ya masika, kila nilipofungua mlango wa mnara alfajiri nilikuta mchanga mpya sakafuni. Haukuwa mwingi, ungejaa viganja viwili. Jioni niliufagia, asubuhi ulikuwapo tena, na ndani yake vipande vya chokaa vya ukubwa wa kucha.

Msikiti wetu huku Likoni ni wa zamani. Mnara wake umejengwa kwa mawe ya matumbawe, mraba, na ndani uko wazi tangu chini hadi juu, kama kisima kilichosimamishwa juu ya ardhi. Vipandio vya mawe vimechomekwa ukutani, vinazunguka kuta nne mpaka kwenye boriti zinazobeba chumba kidogo cha muadhini. Siku hizi hapandi mtu. Adhana inatolewa chini, na vipaza sauti vinaifikisha. Lakini ukuta mmoja wa mnara ndio huo huo ukuta wa darasa la chuo cha Kurani, na katika darasa hilo nimekaa zaidi ya miaka arobaini nikiwasikiliza watoto wakisoma.

Kamati ikaleta injinia. Aliutazama ufa wa nje, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Nikiziona boriti za juu," alisema, "nitawaambia kama mnara utasimama au utaanguka, na ukianguka utaangukia upande gani. Nisipoziona, sina la kusema. Na mtu asikanyage vile vipandio."

Tukawahamishia watoto kwenye baraza ya jirani. Usiku ule ule kamati ikakaa, na kama kawaida ya vikao, neno la injinia lililokumbukwa ni lile la kwanza, la pili likasahauliwa. Mwenyekiti akasema atafutwe mtu mwepesi, apande na simu, apige picha, ashuke. Dakika kumi imekwisha. Akamtaja fundi mmoja wa hapa hapa mtaani, mwana wa fundi wetu wa zamani. Wote wakaitikia.

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kikaoni, hata mtu aliyekuwa akisinzia akafumbua macho. Waliponiuliza kwa nini, nikajibu kuwa ngazi haifai. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote.

Lililobaki ni hili. Ujanani nilikuwa muadhini. Sisi tuliolelewa katika mnara ule tulikuwa na kipandio kimoja kilichokuwa kikicheza, juu kidogo ya dirisha dogo la upande wa kusini. Hatukukitaja. Tulikiruka tu. Hata ungeniuliza ni cha ngapi nisingeweza kukwambia, maana mguu ndio uliojua, si kichwa. Siku vilipoletwa vipaza sauti vya kwanza, alikuja fundi wa rika langu kupitisha waya juu. Akaniuliza pale mlangoni, "Ngazi ni nzima, maalim?" Nikamjibu, "Nzima, panda." Na niliamini hivyo.

Nikarudi darasani nikakaa mkekani, mtoto mmoja akaanza kunisomea. Akiwa katikati ya kisomo, mguu wangu niliokuwa nimeukunja ukashtuka, kama mguu unaotafuta kipandio kilicho mbali kuliko vingine, na hapo nikakumbuka. Sasa, kwetu sisi mtoto hakatizwi kabla hajamaliza kisomo. Nilifunzwa adabu hiyo kwa bakora, nami nimewafunza wengine. Zilikuwa zimebaki aya mbili. Nikasema moyoni, amalize, kisha nitoke nikamwite fundi ashuke. Hakuwa amemaliza niliposikia jiwe, na baada ya jiwe, mtu.

Alhamdulillahi hakufa. Alivunjika nyonga, na tangu siku ile anatembea kwa bakora. Hakupanda tena mahali pa juu. Alikaa chini akamfundisha mwanawe. Kila akiulizwa husema, "Haraka yangu ndiyo iliyoniangusha." Nimemsikia akiyasema maneno hayo kwa miaka thelathini na zaidi, nami niko kando, kimya. Na sasa kamati ilitaka kumpandisha mwanawe.

Binti yangu anaishi Magongo na anafanya kazi Changamwe, kwenye kampuni inayokagua matangi na mapaa ya maghala. Hakagui kwa kupanda. Anarusha droni ndogo ndani ya tangi tupu, anatazama kwenye kioo, anaandika palipopata kutu. Mwisho wa wiki ile alikuja kunisalimia na mwanawe mchanga mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza habari ya mnara. Hata sikumaliza.

"Hiyo ni kazi yangu! Nipe asubuhi moja tu."

"Utasimama wapi?"

Akaikaza mbeleko ya mtoto. Kisha akanieleza, maana hajui kusema uongo, kwamba kuta zile ni nene, mawimbi ya rimoti hayapiti, na mrushaji hana budi asimame ndani, chini kabisa, katikati.

"Chini ya mawe," nikasema.

"Na kofia ngumu, baba. Mimi kila siku niko ndani ya matangi."

"Tangi halidondoshi mawe. Una mtoto anayenyonya. Mtu atakayesimama pale ni mimi, si mwingine."

"Wewe!" Alicheka kwa sauti hata mtoto akaamka. "Baba, simu yenyewe hunipigia ukiishika juu chini. Kwenye mambo haya wewe hujui hata alifu kwa ujiti."

"Basi nisomeshe alifu."

Aliendelea kucheka, akanitazama, akaacha.

Tulisomea darasani, Alhamisi jioni na Ijumaa baada ya sala, siku ambazo chuo hufungwa. Darasa lilikuwa tupu, na upande ule wa mnara tuliuwekea kamba tusiusogelee. Nje hakuniruhusu kurusha hata mara moja. Uwanja wa ndege uko ng'ambo ya maji tu, bandari iko mbele yetu, na kuna sheria na vibali. "Hii haitoki mlangoni," alisema, na kila tulipoanza aliufunga mlango kwa komeo.

Wiki mbili za mwanzo hakunipa droni. Alinipa rimoti iliyounganishwa na kompyuta, na kwenye kompyuta mlikuwa na droni ya picha tu. Niliiangusha mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Niliona haya, ingawa hapakuwa na kilichovunjika.

Kisha akaitoa yenyewe. Ilikuwa na upana wa sahani ya kulia, mapanga yake manne yamezungushiwa vizuizi vya plastiki, na mbele ina jicho la kamera. Ilipowaka ililia kama mavu waliochokozwa, na mwili wangu wote ukarudi nyuma kabla sijauamuru. Nieleze hapa kwamba mimi si mtu jasiri. Nimeshikwa na hofu nyingi maishani, na hii ya sauti ile ilikuwa ya kitoto, lakini ilikuwa hofu ya kweli.

"Sikiliza, baba," alisema. "Droni nyingi ukiachia vijiti vya rimoti zinajinyoosha, zinasimama papo hapo hewani zikikungoja. Zina macho tumboni. Lakini mle mnarani mna giza na vumbi, na hayo macho yatadanganyika. Itaanza kusahihisha kosa lisilokuwapo, itakwenda yenyewe ukutani. Kwa hiyo nimezima kila kitu. Utairusha kwa mkono. Ukiinamisha, inabaki imeinama. Ukiachia, bado imeinama. Inakwenda tu mpaka igonge. Kuirudisha ni juu yako."

"Haina huruma."

"Haina."

Kijiti cha kushoto ukikisukuma inapanda, ukikivuta inashuka. Cha kulia kinaiinamisha mbele, nyuma, na pande zote. Akanichorea duara kwa chaki sakafuni na kuniambia niiweke hewani juu ya duara lile, kimo cha goti, isitoke. Nilidhani kusimama ndiyo kazi nyepesi, kwenda ndiyo ngumu. Ni kinyume. Ilipanda, ikainama kidogo kushoto, nikairudisha kulia kwa pupa, ikapita kulia, nikairudisha, ikagonga ubao, ikanguruma chini ya madawati kama paka aliyenaswa. Mara ya tano ilinijia usoni ikanikwangua kidevu.

"Unasahihisha sana," alisema akinifuta damu. "Unangoja kosa likue, kisha unalipiga. Lisahihishe lingali dogo."

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Ndivyo nilivyomwambia alipokuwa na miaka sita, akiburura herufi ya sini hadi nje ya mstari.

Ijumaa ya tatu mlango ukagongwa kwa bakora. Alikuwa fundi, yule wa zamani. Alikwisha sikia, maana Likoni habari haingoji kivuko.

"Ndiyo hicho kidudu?" Akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani. "Sasa maalim, chakuogopesha wewe, au wewe wakiogopesha chenyewe?"

"Kinaniogopesha."

"Naona. Ndevu zako zatetemeka."

Binti yangu akacheka. Mimi pia nilicheka, nikainua droni, nayo ikaenda moja kwa moja ukutani.

Tangu hapo hakukosa. Alileta kahawa kwenye birika dogo, akatoa hukumu kwa kila mzunguko, akadai ndege yangu imelewa tembo. Siku moja, binti yangu akiwa nje anamnyonyesha mtoto, aliinama karibu yangu.

"Wamenambia ulimkatalia mwenyekiti habari ya mwanangu. Sikukushukuru. Allah akujaze kheri, maalim. Wallahi hakuna mwingine aliyekumbuka."

Nilishika rimoti kwa mikono miwili ili asione vidole.

Jioni hiyo binti yangu akikunja nyaya alisema bila kuniangalia, "Baba, nimegundua kitu. Mzee akiwapo, unagonga. Akiondoka, unaelea."

"Ni uzee."

"Uzee hauji na kuondoka na mtu."

Usiku nilikaa na uradi wangu hadi dawa ya mbu ikaisha kuungua, nikamwomba Mwenyezi Mungu aniondolee mtetemo wa mkono. Niliona haya kumwomba hilo, maana nilijua pia lile jingine ambalo sikuwa nikiliomba.

Mkono ulitengenea kwa njia nisiyoitarajia. Wiki zote hizo nilikuwa nikisukuma vijiti kwa gumba, kama wafanyavyo watoto na michezo ya simu. Siku moja, kwa kuchoka, nilikibana kijiti cha kulia kati ya gumba na kidole cha shahada, kama ninavyoishika kalamu ya mtete ninapowaandikia watoto ubao. Mkono ukatulia. Uliijua kazi hiyo; umeifanya maisha yote. Mtetemo haukuondoka, ila ulikuwa juu, kwenye kifundo, na haukushuka hadi ncha. Droni ikakaa juu ya duara. Ilisogea upana wa kidole, nikairudisha upana wa kidole. Ikasogea tena. Nilielewa kwamba kutulia hewani si kutulia kabisa. Ni kurejea, na kurejea, na kurejea, kabla hujafika mbali.

"Usipumue," binti yangu alinong'ona, kisha akasema, "la, pumua, baba, pumua!"

Baada ya hapo akanifunza kwenda. Alitaka niizungushe darasa zima kwa mwendo wa mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto, lililojaa hadi ukingoni. "Ukitaka kusimama pale, anza kusimama hapa," alisema. "Iinamishe nyuma kabla hujafika." Wiki sita zilipita hivyo. Kila asubuhi nilifungua mlango wa mnara nikatazama mchanga, na wiki ya mwisho ulikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi.

Tulichagua asubuhi ya Jumanne, jua likiwa limepanda vya kutosha kuingia kwenye dirisha dogo. Kamati ilisimama mbali, nyuma ya kamba. Nilivaa kofia ngumu juu ya kofia yangu ya kitambaa, mtu mmoja huko nyuma akasema nimekuwa kama mtungi wenye kifuniko. Binti yangu alifunga taa ndogo kichwani mwa droni na kioo cha kutazamia juu ya rimoti. Alinikumbusha mambo matatu. Betri ni ya dakika nne, na namba yake iko kwenye pembe ya kioo. Upepo wa droni yenyewe utagonga kuta na kurudi kuisukuma. Na nisishuke wima, maana ikishuka ndani ya upepo wake hutapatapa; nishuke nikiisogeza kando kidogo kidogo.

"Sasa rudi kwa mwanao," nilimwambia. "Nyuma ya kamba."

Alinibusu mkono akarudi.

Niliingia. Ndani mlinuka chokaa mbichi na popo. Nilitandika kitambaa sakafuni, nikaweka droni, nikatazama juu mara moja. Sikupaswa. Vipandio vilizunguka hadi vikapotea, na kati ya vipandio viwili palikuwa na pengo, kama jino lililong'oka. Nilisema bismillahi na sauti yangu ikanirudia kutoka juu, nyembamba, kama ya mtu mwingine.

Nyuma yangu bakora ikagonga kizingiti.

"Toka, fundi," nilisema bila kugeuka. "Si mahali pa kusimama."

"Mimi nishaanguka humu. Mnara hauwezi kuniangusha mara mbili." Akaja, akasimama begani kwangu. Hakuwa na kofia ngumu. "Na wewe wajua boriti, maalim? Utaipiga picha papi, ubao mwembamba, ukidhani ni boriti. Rusha."

Nilijua kwamba nikianza kubishana naye sitairusha tena maishani. Nikainua.

Sauti ndani ya kuta zile ilikuwa mara kumi ya darasani. Mchanga ulipeperuka kutoka vipandioni, ukatuanguka mabegani. Droni ilipanda kimo cha mtu, ikayumba. Ule upepo ulikuwa umerudi. Nikairejesha, upana wa kidole. Ikapanda. Nililiacha jicho langu kwenye kioo nikaviona vipandio vikishuka mbele yangu kimoja kimoja, vyenye mavi ya popo, vyenye ufa, na kwenye kimoja ganda la betri kuukuu la tochi, la enzi zetu. Namba ya betri ilikuwa ikipungua. Likaja dirisha dogo, mwanga mweupe. Na juu ya dirisha, pengo.

Sikukusudia kusimama pale. Mkono ndio uliosimama. Droni ikaelea mbele ya lile tundu ukutani ambamo jiwe liling'oka, na taa yake ikaangaza ndani. Tuliona hadi chokaa iliyokuwa imelishika.

"Ndipo hapo," fundi alisema taratibu. "Haraka yangu iko hapo."

Namba ilionyesha nusu. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo, mikono yangu yote miwili imeshikwa, sikuweza kumtazama wala kuuficha uso. Kama ningekuwa na mkono mmoja tu wa kuzificha ndevu zangu nadhani nisingesema.

"Haikuwa haraka yako. Lile jiwe lilikuwa likicheza. Sisi sote tulijua. Tulikuwa tukiliruka."

Droni ikasogea kushoto. Nikairejesha.

"Uliponiuliza mlangoni nilikuwa nimesahau. Wallahi nilisahau. Lakini nilikumbuka ukiwa umefika katikati. Mtoto alikuwa akinisomea. Zilikuwa zimebaki aya mbili. Nikangoja amalize."

Ikasogea kulia, nikairejesha. Ikasogea. Nikairejesha. Sijui muda ulikuwa gani. Kwenye kioo ilikuwa namba chache tu. Nilisikia pumzi yake puani, karibu na sikio langu, na nikawaza kwamba sasa atanigonga kwa ile bakora, nami nitaiachia ndege iende zake ukutani, na nitakuwa nimestahili.

"Panda," alisema.

"Fundi..."

"Panda, maalim! Betri yesha. Hatukuja kutazama shimo."

Nikapanda. Zikaja boriti. Sauti yake ikawa ya fundi, haina kitu kingine ndani yake. "Geuza. Ile. Sogea, usiiguse. Waona ilivyo nyeusi pale inapoingia ukutani? Imeliwa. Shika hapo. Shika. Sasa ya pili. Ile pia. Ya tatu nzima. Basi, teremka."

Rimoti ilianza kulia. Nilishuka kando kando kama nilivyofunzwa, ikayumba na kutapatapa kwenye kimo cha dirisha, ikapita karibu na kona hata nikasikia plastiki ikikwaruza jiwe. Niliirejesha. Nikaiweka kwenye kitambaa. Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa, na ndani yake vipande vya chokaa viliendelea kudondoka, kimoja, halafu kimoja.

Fundi alitoka wa kwanza. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa birika la kutawadhia, bakora baina ya magoti. Binti yangu aliichukua droni, akatutazama, akaenda zake.

"Aya mbili," fundi alisema, akitazama maji.

"Mbili."

"Fupi?"

"Fupi."

Akaguna. "Zingekuwa ndefu ningekuelewa." Aligonga sakafu kwa bakora. "Nilipovunjika, mwezi mzima ukiniletea uji kitandani, asubuhi kwa asubuhi. Marehemu mke wangu akisema, maalim huyu ana moyo. Kumbe ulikuwa ukiogopa."

"Nilikuwa nikiogopa."

"Na mimi nawasomesha wanangu: msiwe na haraka kama baba yenu. Nimejitukana umri mzima kwa jiwe mlilokuwa mkiliruka nyinyi."

"Nisamehe, fundi."

"Si leo." Alinitazama kwa mara ya kwanza, macho mekundu. "Leo nina hasira, na ukinilazimisha nitakusamehe kwa mdomo tu, itakufaa nini? Kesho njoo na uji."

Picha zilimfikia injinia mchana ule. Alisema boriti mbili zimekwisha, na kichwa cha mnara kilikuwa kikielemea upande wa chuo. Baadaye kilipunguzwa kutoka nje, kwa jukwaa la vyuma, jiwe baada ya jiwe, na aliyekipunguza ni yule mwana wa fundi, akiwa amefungwa mkanda. Vipandio havikukanyagwa. Hilo namshukuru Mola wangu kila ninapopita hapo, na hata ninapoandika haya.

Lakini asubuhi ya Jumatano ile sikuwa na habari ya mnara. Nilipika mwenyewe uji wa mtama, nikautia nazi na pilipili manga kama alivyokuwa akiupenda, nikaujaza bakuli hadi juu, nikauchukua kwa mikono miwili kupita mitaa mitatu. Nilikwenda kwa mwendo niliofunzwa. Watu walinisalimu nikawaitikia kwa macho.

Mlangoni kwake nikasema hodi. Kimya. Nikangoja, nikasema hodi ya pili. Kimya vile vile, ila kuku mmoja alipita uani. Desturi yetu ni hodi tatu. Ukikosa jibu kwa ya tatu, unarudi ulikotoka na hupaswi kuona vibaya. Sikuitoa ile ya tatu. Niliihifadhi mdomoni, nikasimama, bakuli likinichoma vidole, uji ukisogea hadi ukingoni na mimi nikiurejesha, mpaka ndani, mbali, nikasikia bakora ikigusa sakafu.